Nyuma ya Meru: Ukame Sio Ukiwa

Anayetoka Arusha kwenda Namanga hahitaji kufika mpakani ili aone nchi ikibadilika. Sakina na Ngaramtoni bado kuna migomba na kahawa. Oldonyo Sambu mahindi yamedhoofu na udongo umegeuka vumbi. Kufika Engikaret, uwanda umefunguka mpaka macho yachoke, nyasi fupi, migunga michache, na mbuzi wanaotembea kama wanajua waendako. Mlima ni uleule, gari limeuzunguka tu. Mgeni ndani ya Noah huuliza swali waliloliuliza maofisa wa Kijerumani, wa Kiingereza na hata wa kwetu baada ya uhuru: mbona huku ni jangwa?

Swali hilo huzaa la pili, nani ameiharibu nchi hii, kila kiangazi kinapovuka mwaka. Mizoga ya ng'ombe ikianza kuonekana kandokando ya barabara ya Longido, picha husambaa kwenye simu na maelezo huwa yaleyale: mifugo imezidi, miti imekwisha, jangwa linapanda kuja mjini.

Maswali haya mawili yamezoeleka kujibiwa kwa jibu moja, na kosa limeanzia hapo. Ukame wa kaskazini mwa Meru ni wa kale. Una sababu zake, una viumbe wake, na una watu waliojifunza kuishi nao kwa kanuni. Ukiwa ni kitu kingine: ardhi iliyovuliwa nyasi, ikachanwa na makorongo, ikashindwa kujirudi hata mvua inaponyesha. Huo ni wa juzi, na wanaousababisha hawatoki nyikani peke yake. Asiyetofautisha viwili hivi huagiza tiba ya ukiwa palipo na ukame tu, na huuacha ukiwa wenyewe uendelee kula.

Mlima unavyogawa mvua

Meru una urefu wa mita 4,566, wa pili nchini baada ya Kilimanjaro. Masika, upepo wa kusini-mashariki hubeba unyevu wa Bahari ya Hindi hadi kifuani mwa mlima. Hewa ikilazimika kupanda hupoa, na ikipoa huachia maji yake. Ndiyo maana mitelemko ya kusini na mashariki hupata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka, na ukanda wa msitu hupata zaidi. Hewa hiyohiyo ikishavuka kilele huteremka upande wa pili ikiwa kavu, na kadiri inavyoshuka ndivyo inavyopata joto. Nyanda za chini za Longido hupata chini ya milimita 500. Bonde la Ziwa Natron, lililo mita 600 tu juu ya usawa wa bahari kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, hupata mvua inayoyumba sana kati ya mwaka mzuri na mwaka mbaya, na jua lake halina mzaha.

Volkano nayo imeongeza lake. Meru na jirani zake imetandaza majivu eneo hili zima, na udongo wa majivu hunywa maji upesi. Mvua inayonyesha juu huzama, kisha hutokea chini kwenye chemchemi, na nyingi kati ya chemchemi hizo ziko kusini, inakoanzia mito ya Themi, Nduruma na Usa. Kaskazini mito ya kudumu ni ya kuhesabu kwa vidole, Engare Nanyuki ukiwa wa kwanza kutajwa. Mingine ni makorongo ya mchanga yanayofurika kwa saa chache na kukauka, ingawa mwenye jembe na subira huchimba mchangani akapata maji.

Je, hilo ni jangwa? Kipimo kinachotumika katika Umoja wa Mataifa hugawanya mvua ya mwaka kwa kiasi cha maji ambacho jua na upepo vingeweza kukausha mahali hapo. Jibu likiwa chini ya 0.05, hapo ni jangwa kavu kabisa, kama sehemu kubwa ya Sahara. Kati ya 0.05 na 0.20 ni nchi kame. Kati ya 0.20 na 0.50 ni nusu kame, na humo ndimo iliko Longido pamoja na Monduli ya chini. Anayetaka jangwa halisi la Afrika Mashariki aende Chalbi, kaskazini mwa Kenya katika Marsabit.

Hata hivyo mkoa wa Arusha una kipande kimoja ambacho mtu wa Sahara angekitambua bila kuambiwa. Karibu na Oldupai, katika Ngorongoro, kuna chungu la mchanga mweusi wenye umbo la mwezi mwandamo, urefu wa kwenda juu yapata mita 9 na upana yapata 100. Ni majivu ya volkano yenye chembe za sumaku, ndiyo maana hushikana, na upepo huusukuma mzima mzima kuelekea magharibi yapata mita 17 kila mwaka. Wamasai huuheshimu. Watalii huupiga picha. Mchanga Unaohama umepita juu ya nyasi kwa miaka mingi sana na nyasi zimeota tena nyuma yake. Kama kuna jangwa linalotembea Arusha, ni hilo, na halijamfukuza mtu.

Ushahidi wa ndege na choroa

Uthibitisho mzuri kuliko wote kwamba ukame huu si matokeo ya mbuzi umebebwa na ndege mdogo wa rangi ya udongo. Kwenye uwanda wa nyasi fupi kaskazini mwa Meru, pande za Engikaret, anaishi kipozamataza wa Beesley, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1966. Duniani kote hapatikani kwingine. Idadi yake ni mamia machache. Ndugu zake wa karibu wako Namibia, Botswana na Afrika Kusini, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, na katikati pametanda misitu ya miombo ambamo ndege wa uwanda hawezi kuishi hata wiki.

Alifikaje? Wataalamu wa viumbe wana jibu linaloeleza mengi kwa pamoja. Katika vipindi vya baridi na ukame vilivyopita, misitu ya katikati ilinywea na ukanda mkavu ukaunganisha kusini-magharibi mwa Afrika na Pembe ya Afrika. Viumbe wa nchi kavu walipita. Mvua ziliporudi misitu ikafunga njia, na waliobaki pande mbili wakatengana. Digidigi yuko Afrika Mashariki na yuko Namibia, katikati hayupo. Bweha masikio hali kadhalika, bweha mwenye mgongo mweusi hali kadhalika, na yule fisi mdogo anayekula mchwa hali kadhalika. Choroa wa Longido ana binamu yake Kalahari. Viumbe wote hawa wanashuhudia jambo moja: nyika kavu ya nyuma ya Meru ni mabaki ya nchi kubwa ya kale. Haikuwa msitu jana.

Tena haikubaki vilevile muda wote. Kati ya miaka 11,000 na 5,000 hivi iliyopita, Sahara ilipokuwa na maziwa na viboko, Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mvua nyingi, na kingo za kale za Natron zinaonekana mpaka leo juu sana ya maji ya sasa. Huko Sinya, mpakani na Kenya, kitanda cheupe cha ziwa la kale la Amboseli hutoa vumbi linaloruka kwa nguzo mchana. Nchi hii imezoea kupanuka na kunywea. Viumbe wake wameumbwa kwa hali hiyo.

Tazama choroa. Mnyama wa kawaida akipata joto hutoka jasho, na jasho ni maji. Choroa aliyekosa maji huacha mwili wake upande joto mpaka nyuzi zinazokaribia 45, kiwango ambacho kingemuua ng'ombe, huku damu inayokwenda ubongoni ikipozwa kwanza na hewa ya puani. Usiku hurudisha joto lile angani bila kupoteza tone. Hula usiku pia, kwa sababu majani makavu hunyonya unyevu wa hewa baada ya jua kuzama. Swala twiga yeye husimama kwa miguu ya nyuma, shingo ndefu ikapenya katikati ya miiba, akapata majani mabichi ambayo mbuzi hayafikii, na huweza kukaa muda mrefu bila kunywa. Tembo hawana ufundi huo, hivyo hutembea: kutoka Amboseli, kupitia Enduimet na ushoroba wa Kitendeni, hadi misitu ya Kilimanjaro na kurudi.

Kisha kuna Natron. Maji yake ni magadi matupu, yana joto, yanaunguza ngozi, na kina chake ni kifupi. Kwa heroe mdogo hapo ndipo pahali salama kuliko pote. Fisi na mbweha hawathubutu kuvuka tope lile, na maji hayohayo huotesha mwani anaokula. Natron ndilo ziwa pekee la Afrika Mashariki ambako heroe wadogo huzaliana kwa uhakika, na walio wengi kati ya heroe wadogo wote duniani wanalitegemea. Ziwa liliingia katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar mwaka 2001. Miaka michache baadaye Tata Chemicals ya India ilishirikishwa katika mpango wa kiwanda cha magadi soda cha tani 500,000 kwa mwaka kando ya ziwa. Upinzani ulikuwa mkubwa, kampuni ikajitoa mwaka 2008, na macho ya Shirika la Maendeleo la Taifa yakahamia magadi ya Engaruka. Waliopanga kiwanda waliona maji yasiyofaa kwa lolote. Heroe walikuwa na hesabu nyingine.

Watu waliojua kukaa

Watu nao si wageni wa nchi hii. Magharibi mwa Natron, Peninj, ndiko Kamoya Kimeu alikookota mwaka 1964 taya la zamadamu mwenye umri wa miaka yapata milioni moja na nusu. Kusini mwa ziwa, Engare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizoganda katika tope la majivu, za kati ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Wengine walikuwa wakikimbia, wengine wakitembea kwa kundi. Volkano ileile bado iko hai. Ndiyo pekee duniani inayotoa lava ya magadi, na ililipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, majivu yakafunika malisho.

Engaruka ndiyo inayowaaibisha wanaodhani nchi kavu haiwezi kulea ustaarabu. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kuanzia karne ya 15 hadi ya 18 hivi, wakulima walijenga mashamba ya mawe yenye ukubwa wa kilomita za mraba 20, mifereji ikichukua maji ya vijito vya nyanda za juu na kuyagawa shamba kwa shamba, na vijiji saba vikipanda juu ya kilima kwa ngazi. Louis Leakey alifika mwaka 1935, Hamo Sassoon akachimba miaka ya 1960, na John Sutton akaendeleza. Kwa nini waliondoka bado ni mjadala, lakini kilichobaki kinatosha kutufunza kwamba waliishi hapo kwa karne tatu kwa kujua kila tone lilikotoka.

Wafugaji wa Kimasai waliijibu nchi kwa njia nyingine: mwendo. Mvua ya huku haina haki. Hunyesha kilima hiki ikaruka kile, mwaka huu ikaja, mwakani ikakawia. Anayeganda mahali pamoja anacheza kamari na mvua moja, na anayehama anakusanya mvua za nchi nzima. Mwendo huo hauendi ovyo. Kuna malisho ya masika huko chini penye chumvichumvi, na kuna malisho ya akiba, alalili, yanayofungwa hadi kiangazi kikaze. Karibu na boma kuna olopololi, ya ndama na wagonjwa. Wazee na laigwanani, viongozi wa mila, ndio wanaofungua na kufunga, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hutozwa faini. Wasukuma wana ngitili yao. Kanuni ni ileile: nyasi zilizoachwa ndizo zinazookoa.

Mlima na nyika havikuwahi kuwa nchi mbili. Waarusha, wanaosema Kimaa lakini wanalima, na Wameru waliotangulia kwenye mitelemko ya mashariki, walichimba mifereji wakalea migomba, na nyika ikawaletea mifugo, ngozi na magadi. Sotoka ilipofagia ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikafuatwa na ndui na njaa, Wamasai wengi waliokoka kwa kupokewa na Waarusha mlimani. Walipopona walirudi chini na mitamba michache. Kwa hiyo mlima ulikuwa sehemu ya mpango wa kuishi nyikani, na hilo ndilo lililovunjwa baadaye.

Asiyejua mpango huo, nyika humfunza haraka. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lenye askari wapatao 1,500 lilishambulia ngome ya Wajerumani kwenye mlima wa Longido. Katika mapigano hayo msafara wa nyumbu waliobeba maji ulitawanyika, na kufikia usiku jeshi lilikuwa likirudi lilikotoka.

Maji yenye deni

Kabla ya kufika kwenye lawama, kuna shida moja ya nyuma ya Meru ambayo haikuletwa na mtu yeyote. Miamba ya volkano huachia floridi katika maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi 4, kwa kuwa kukataa kungemaanisha kufunga visima vingi. Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu kuna vyanzo vinavyopita hata kiwango hicho mara nyingi. Dalili ya kwanza ni meno ya kahawia kwa watoto. Dalili mbaya zaidi ni mifupa ya miguu inayopinda mtoto akianza kukua. Magadi yanayotiwa kwenye makande ili maharage yaive upesi huongeza floridi juu ya ile ya maji.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia inayofaa kwa kaya na shule lakini inayohitaji mkaa kubadilishwa kila unapochoka. Longido mjini waliletewa jibu jingine, maji ya Mto Simba kutoka Kilimanjaro kwa bomba la zaidi ya kilomita 60. Somo lililo humo linapita afya. Penye ukame, kisima kipya kwa mtazamo wa mhandisi ni baraka. Kwa mfugaji ni baraka yenye masharti: kama maji yana floridi mtoto analipa, na kama kisima kimechimbwa katikati ya malisho ya akiba basi ng'ombe watakaa hapo mwaka mzima na akiba itakwisha.

Ukiwa unavyotengenezwa

Sasa tuje kwenye ukiwa. Una historia, nayo imeandikwa kwa mipaka.

Kati ya 1904 na 1906 utawala wa Kijerumani uliwakaribisha Makaburu kutoka Afrika Kusini, na baadhi wakapewa ardhi kuzunguka Meru, ikiwemo Oldonyo Sambu na Ngare Nanyuki. Mashamba ya walowezi yalifunga mlima kama mkanda. Juu kulikuwa na msitu wa hifadhi, chini mashamba ya wageni, na katikati wakulima waliokuwa wakiongezeka kila kizazi. Njia za ng'ombe kutoka nyikani hadi maji ya mlimani zikakatwa.

Waingereza waliendelea na kazi. Novemba 1951 waliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki na Leguruki, nyumba zikateketezwa, ili ardhi iwe ranchi za Wazungu. Walioondolewa walielekezwa Kingori, mahali palipokuwa na homa na mbung'o kwa maelezo yao wenyewe. Mjumbe wao, Kirilo Japhet, alipelekwa New York mwaka 1952, akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo, na kesi ya ardhi ya Meru ikawa darasa la siasa kabla TANU haijazaliwa. Tunaikumbuka kama habari ya ukoloni na uhuru. Tuisome pia kama habari ya ukame: ardhi iliyogombewa ilikuwa mlango wa maji na malisho ya kiangazi upande mkavu wa mlima, na waliotaka kuitwaa walidai Mwafrika hawezi kuitunza. Leo Ngarenanyuki ni kata ya Meru inayojulikana kwa nyanya na vitunguu, vinavyomwagiliwa kwa maji ya mto Engare Nanyuki.

Uhuru haukurudisha mwendo. Katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Imparnati iliwakusanya Wamasai katika vijiji vya kudumu, karibu na shule na zahanati, jambo jema kwa mtoto wa shule na gumu kwa nyasi. Waarusha waliokosa nafasi mlimani wakashuka Kisongo, Musa na Monduli na jembe la kukokotwa. Jiji la Arusha, ambalo sensa ya 2022 ililihesabu kuwa na wakazi zaidi ya 617,000, linataka mkaa, mchanga wa ujenzi na viwanja. Hifadhi nazo zimechukua sehemu yake, kubwa ya karibuni ikiwa kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zilizowekewa vigingi Juni 2022 na kuwa Pori la Akiba la Pololeti.

Kila hatua ilikuwa na sababu yake. Jumla yake ni ng'ombe waliobanwa. Ng'ombe wakikaa mahali pamoja masika na kiangazi, nyasi huliwa kabla hazijatoa mbegu, kwato hushindilia udongo, na mvua inayofuata haizami tena, huteleza. Udongo wa majivu ni mwepesi. Mahali ambapo maji yamepata njia ya ng'ombe au ya bodaboda, misimu michache inatosha kuzaa korongo linaloweza kummeza mtu mzima. Mahindi yakipandwa penye milimita 400 huweza kukauka kabla ya kubeba, na shamba lililolimwa likabaki wazi, upepo ukachukua ulichoachiwa. Kwa hiyo korongo la Oldonyo Sambu na uwanda wa Engikaret, vinavyoonekana katika safari moja, ni vitu viwili tofauti. Uwanda uko hivyo tangu kale. Korongo lina umri wa watu tunaowajua.

Ukame wa 2008 na 2009 ulionyesha gharama. Longido, Monduli na Ngorongoro zilipoteza mifugo kwa wingi usio wa kawaida, na serikali ikaja kugawa ng'ombe kwa kaya zilizobaki mikono mitupu. Mvua zilikuwa zimekosekana kabla, katika miaka ambayo wazee wanaihesabu kwa majina ya rika. Kilichokuwa kipya ni kwamba waliotaka kuhama walikuta pa kuhamia pamefungwa. Mabadiliko ya tabianchi yanazidisha kuyumba kwa mvua, na ndiyo sababu ya kuutaka mwendo zaidi, wala hayawezi kuwa kisingizio cha kuuzuia.

Tiba mbili zilizojaribiwa

Nchi yetu imekwishapambana na ukiwa kwa njia mbili, na matokeo yake yanafaa kupimwa. Dodoma mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. Katika ardhi iliyomomonyoka ya Kondoa, mwaka 1979, mifugo yote iliondolewa kwa amri. Majani yalirudi, hakuna anayebisha. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walikwenda kwa majirani na kuwapelekea mzigo, na wenye ng'ombe wakabaki kumwona mhifadhi kama adui.

Shinyanga, mkoa ambao Mwalimu Nyerere anakumbukwa kwa kuuita jangwa la Tanzania, ulianza mradi wake wa hifadhi ya ardhi, HASHI, mwaka 1986 kwa kupanda miche. Baada ya muda wataalamu waligundua kuwa wananchi hawakuitaka miche bali ngitili zao, ambazo vijiji vya ujamaa vilizivuruga. Haki ya kufunga malisho iliporudishwa kwa kaya na vijiji, visiki vilichipua vyenyewe. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa kijani, na gharama kubwa ilikuwa kuwaamini wenye nchi.

Nyuma ya Meru njia ya pili ndiyo inayoendana na maumbile ya mahali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hatimiliki za kimila za pamoja, na Ujamaa Community Resource Team, shirika lenye makao Arusha, limesaidia vijiji vya wafugaji kuandikisha malisho yao kwa njia hiyo. Vijiji kadhaa vikipanga matumizi ya ardhi kwa pamoja, njia ya ng'ombe huvuka mpaka wa kijiji bila ugomvi, na tembo hufaidi njia hiyohiyo. Penye korongo, makinga maji ya nusu mwezi kama yanayochimbwa katika eneo la Kuku, ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, huzuia maji yasikimbie na kuotesha nyasi msimu wa kwanza wa mvua.

Kuna tiba inayopendeza machoni na kudhuru mahali. Upandaji miti wa kampeni, wenye mabango na hotuba, ukipelekwa kwenye uwanda wa Engikaret utakuwa umemnyang'anya kipozamataza wa Beesley makazi yake ya mwisho duniani, tena kwa jina la mazingira. Ndege yule anahitaji nyasi fupi, na wanaozifupisha ni mifugo ileile inayolaumiwa. Vilevile biashara ya hewa ukaa imeingia Longido na Monduli na mikataba ya miaka mingi inayoahidi fedha kwa kupanga malisho. Fedha si mbaya, lakini mkataba unaoamua ng'ombe watakaa wapi na kwa siku ngapi unagusa uamuzi ambao wazee walikuwa wakiufanya kwa kutazama mawingu. Ukiandikwa kwa lugha ambayo mwenye boma haisomi, utakuwa mpaka mwingine juu ya mipaka iliyokwishaleta ukiwa.

Ndiyo maana kila mradi unaokuja kuokoa nchi hii, uwe wa serikali, wa mfadhili au wa kampuni, uulizwe mambo matatu hadharani, kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Je, umetofautisha hapa ni pakavu tangu kale au pameharibika juzi? Je, utafungua njia za mifugo na wanyama au utaziba nyingine? Na mvua ikikosa mwaka wa kwanza, nani mwenye haki ya kuamua ng'ombe waende wapi? Usioweza kuyajibu usipewe ardhi, hata kama umekuja na miche milioni moja.